Bima ya CAR kwa anayejenga na anayekarabati: inalipa nini, inakwama wapi

Ukimwendea dalali wa bima Dar es Salaam, Arusha au Mwanza ukamwambia unataka kinga ya jengo linaloendelea kujengwa, karibu kila mara utaletewa hati ile ile: Bima ya Hatari Zote za Mkandarasi, ambayo watu wa fani huiita CAR. Nembo ya kampuni hubadilika, lakini maneno ya ndani kwa kiasi kikubwa ni yale ya Munich Re ya Ujerumani, pamoja na nyongeza zake, yaani vifungu vya ziada vinavyobadilisha kinga, zenye namba: 001, 002, 119, 120 na kadhalika. Ni hati yenye umri mkubwa. Ya kwanza ya aina hii ilitolewa mwaka 1929 kwa ajili ya daraja la Lambeth jijini London. Kwa hiyo tunachopima hapa si huduma ya kampuni moja bali bidhaa yenyewe: ukishalipa, umenunua nini hasa.

Tuseme mapema. Kwa jengo jipya lenye mkataba, BOQ (orodha ya kazi na vifaa pamoja na bei zake) na mkandarasi aliyesajiliwa CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, hii ni kinga nzuri na bei yake ni ya haki. Kwa ukarabati wa nyumba ambayo tayari imesimama, hati peke yake bila nyongeza haitoshi kabisa. Kwa anayejenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwakani kuta, inafaa tu ikinunuliwa kwa hatua. Kasoro nyingi zinazolalamikiwa zinatokana na watu kununua hati tupu wakidhani neno "zote" lililomo kwenye jina lake linamaanisha zote.

Inavyofanya kazi

Hati ina sehemu mbili. Ya kwanza inakinga kazi yenyewe: jengo linaloinuka, vifaa vilivyoko saiti, kazi za muda kama jukwaa na mbao za kushikilia zege, na mitambo ya ujenzi ikiwa imeorodheshwa. Ya pili inakinga madai ya watu wa nje: jirani aliyeangukiwa na ukuta, mpita njia aliyepigwa na tofali.

Uzuri wa sehemu ya kwanza uko kwenye mpangilio wake. Bima ya moto ya kawaida hutaja matukio inayoyalipia, na kisichotajwa hakilipwi. CAR inafanya kinyume: inalipa uharibifu wowote wa ghafla usiotarajiwa, isipokuwa ule uliotajwa kuwa haulipwi. Moto, upepo, mafuriko, wizi wa kuvunja, kuporomoka, hata uzembe wa kibarua aliyegonga nguzo kwa toroli, vyote vimo bila kuandikwa kimoja kimoja.

Kinga inaanza kazi inapoanza au vifaa vinaposhushwa saiti. Nondo zikianguka na lori Ubungo kabla ya kufika, hati tupu hailipi. Hapo kuna nyongeza 113 ya usafirishaji wa ndani, na gharama yake si kubwa. Mwisho wa kinga nao una mtego. Sehemu yoyote ya jengo iliyokabidhiwa au kuanza kutumika hutoka kwenye kinga siku hiyo hiyo. Wenye nyumba wengi huhamia chini huku ghorofa ya juu ikiendelea, bila kujua kwamba ghorofa ya chini imekwisha kutoka. Nyongeza 116 inarudisha kinga kwa sehemu hiyo, ikiwa uharibifu umetokana na kazi inayoendelea juu.

Kiasi cha bima: hapa ndipo wengi wanapoumia

Hati inataka thamani ya bima isipungue gharama kamili ya kazi siku itakapokamilika, pamoja na vifaa vyote, ujira, usafiri, ushuru na vitu vinavyonunuliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Ikipungua, fidia inakatwa kwa uwiano.

Kwetu mtindo ulioenea ni kumpa fundi au mkandarasi mkataba wa ufundi tu, kisha mwenye nyumba ananunua saruji, nondo, bati na vigae mwenyewe. Mkataba unasomeka shilingi milioni 60, na namba hiyo ndiyo inayopelekwa kwa dalali. Lakini kazi nzima pamoja na vifaa ni milioni 240. Umekata bima ya robo. Upepo ukiezua kenchi na bati, hasara ikawa milioni 32, kampuni italipa milioni 8, na bado itatoa ekses, yaani kile kiasi cha kwanza ambacho hati inakuachia ubebe mwenyewe. Hakuna aliyedhulumiwa hapo. Hesabu iko wazi kwenye hati, ila hakuna aliyeisoma kabla ya upepo.

Namna sahihi ya kupata namba ni kuanza na jumla ya BOQ pamoja na kodi, ukaongeza vifaa vya mwenye nyumba visivyomo kwenye BOQ (milango, vyoo, vigae, jiko, mifumo ya umeme wa jua), kisha ada za mhandisi na mbunifu kwa kazi ya kurudia, halafu kupanda kwa bei. Gharama ya kuondoa kifusi ina mstari wake peke yake kwenye jedwali la hati, na ukiachwa wazi kifusi hakilipiwi. Watu huudharau mstari huo. Slabu iliyoanguka mjini, mahali lori haliingii mchana na kifusi kinabebwa kwa mikono, inaweza kugharimu pesa nyingi kuiondoa kabla hujaanza kufikiria kumwaga nyingine.

Bei ikipanda katikati ya kazi, au ukaongeza chumba ambacho hakikuwa kwenye ramani, peleka taarifa ya maandishi na ulipe nyongeza ya ada. Hati inaruhusu, na inasubiri uisogeze wewe.

Kuhusu ada, chukua mfano wa kiwango cha 0.3%. Kazi ya milioni 240 inatoa shilingi 720,000. Ongeza VAT ya 18% kwa Tanzania Bara, ambayo ni 129,600, unapata 849,600. Kiwango halisi kinategemea urefu wa jengo, kina cha uchimbaji, muda wa kazi, mto au bonde lililo karibu, na ekses uliyokubali. Usishindanishe kampuni kwa ada peke yake. Tazama jedwali la ekses, ambalo kwa kawaida lina mistari miwili: mmoja wa matukio ya asili kama mafuriko, dhoruba na tetemeko, na mwingine wa matukio mengine. Mstari ukisema "10% ya hasara, isipungue shilingi milioni 5", basi madai madogo madogo yote ni yako. Kwa nyumba ya kawaida hilo ni zito, na ni afadhali kulipa ada kubwa kidogo ekses ishuke.

Isichokinga

Orodha ya visivyolipwa ni fupi na inaeleweka, isipokuwa kifungu kimoja kinachozua mabishano kila mahali: kazi mbovu na ramani mbovu.

Chukua slabu ya ghorofa ya kwanza. Mirunda imeng'olewa siku ya saba badala ya kusubiri wiki tatu, slabu ikakatika katikati, ikaangukia kuta za chini na kuvunja nguzo mbili zilizomwagwa vizuri. Hati inatenganisha. Kile kilichofanywa vibaya hakilipwi, kwa kuwa ni gharama ya mkandarasi kurekebisha kazi yake. Lakini kuta na nguzo zilizofanywa sawasawa, zikaharibika kwa sababu ya kosa lile, zinalipwa. Kwa hiyo mpima hasara akifika atauliza swali moja kwa namna kumi: kasoro ilikuwa wapi hasa? Kwenye mirunda, kwenye zege, au kwenye nondo? Jibu la swali hilo linaamua mamilioni, na linapatikana kwenye vipimo vya sampuli za zege zilizopelekwa maabara, kwenye kitabu cha saiti kinachoonyesha tarehe ya kumwaga, na kwenye picha za nondo kabla zege halijazifunika. Saiti isiyo na vitu hivyo inajitetea kwa maneno matupu.

Kosa la ramani ni gumu zaidi. Kwenye hati tupu, hasara iliyotokana na ramani mbovu haigusiwi kabisa, hata kwa zile sehemu zilizojengwa vizuri. Nyongeza 115 inapunguza ukali huo: sehemu yenye kosa la ramani inabaki nje, lakini nyingine zilizoharibika kwa sababu yake zinaingia. Kwa jengo la ghorofa tunaihesabu kuwa ya lazima. Na kumbuka haimwondolei mhandisi wajibu wake; yeye anatakiwa kuwa na bima yake ya kitaaluma.

Mengine kwa ufupi: kutu na uchakavu, mtambo ulioharibika wenyewe kwa hitilafu ya umeme au mashine, magari yenye namba za barabarani (hayo yana bima yake), ramani, fedha taslimu, faini ya kuchelewa. Wizi unalipwa, ila upungufu uliogunduliwa wakati wa kuhesabu stoo haulipwi. Kama mwezi wa tatu umehesabu saruji ukakuta mifuko 40 haipo na hakuna anayejua ilitoka lini, hayo si madai. Kufuli likivunjwa usiku, ukaripoti polisi asubuhi ukapata RB (namba ya taarifa yako kituoni), hayo ni madai.

Halafu kuna kusimama kwa kazi. Kazi ikisimama, yote au sehemu, hati hailipi hasara inayotokana na kusimama huko. Pesa imekata, fundi ameondoka, kuta zimebaki bila linta, mvua za masika zimezilaza: hapo usitegemee kitu. Ndiyo maana anayejenga kwa awamu anapaswa kununua hati kwa awamu, mathalani kutoka msingi hadi linta kwa miezi 5, akafunga, akanunua nyingine akirudi kupaua. Na kama kusimama kumekuja ghafla katikati ya hati, mwandikie kampuni kabla ya wiki kuisha, ueleze umefunika nini, nani analinda, na utarudi lini. Kampuni nyingi hukubali kuendelea kwa masharti. Kunyamaza ndiko kunakoua kinga.

Ukarabati ni habari nyingine

Hapa ndipo bidhaa hii inapopata alama ndogo, na ndipo inapouzwa vibaya zaidi.

Ukikarabati, kazi ya milioni 50 inafanyika ndani ya nyumba yenye thamani ya milioni 400. Hati tupu inakinga ile kazi ya milioni 50. Nyumba ya zamani si "kazi", na pia si mali ya mtu wa nje, kwa sababu ni ya mwenye mradi, ambaye naye ametajwa kwenye hati. Kwa hiyo inaanguka katikati ya sehemu mbili, haiko huku wala kule. Fundi akibomoa ukuta uliokuwa umebeba boriti, nusu ya nyumba ikashuka, utalipwa vigae vipya ulivyokuwa umeshabandika.

Dawa yake ni nyongeza 119, inayoingiza jengo lililopo kwa kiasi mtakachoandikiana. Ina masharti matatu ya kusoma kwa makini. Inalipa uharibifu uliosababishwa na kazi yenyewe, si moto uliotokana na waya chakavu za zamani. Inataka jengo liwe lilikuwa zima kabla ya kuanza, na tahadhari ziwe zilichukuliwa. Na kwa mtetemo au kudhoofika kwa nguzo na kuta, inalipa pale tu jengo linapoporomoka, lote au sehemu. Nyufa ambazo hazihatarishi uimara hazimo.

Nyongeza 120 inafanya jambo hilo hilo kwa majirani. Bila hiyo, sehemu ya pili hailipi uharibifu wa jirani uliotokana na mtetemo au kuchimba karibu na msingi wake, na mjini kuta zinapogusana hilo ndilo dai la kwanza utakaloliona. Hata ukiwa nayo, jirani mwenye ufa kwenye lipu atabaki mgogoro wako. Kwa hiyo kabla mchimbaji hajagusa ardhi, zunguka nyumba za jirani na mhandisi pamoja na mwenye nyumba, piga picha zenye tarehe za kila ufa uliopo huku rula ikiwa pembeni yake, andikeni ripoti, msaini, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe shahidi. Kampuni inaweza kuidai ripoti hiyo kwa gharama yako. Isipoidai, ifanye vilevile.

Usiache bima ya moto ya nyumba ikafa kwa kudhani CAR imechukua nafasi yake. Ila iarifu kampuni hiyo kwamba unakarabati. Hati za moto mara nyingi husitisha kinga nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30, au hatari ikiongezeka bila wao kujua. Fundi wa kuchomelea akiwa chini ya dari ya mbao, hatari imeongezeka. Ukiwekewa nyongeza 112 ya zimamoto, masharti yake ni ya kufuata neno kwa neno: kibali cha maandishi kwa kila kazi ya kuchomelea au kukata chuma, mtu mwenye kizimamoto asimame pale pale, na mahali pakaguliwe tena saa moja baada ya kazi kwisha. Hiyo saa moja ndiyo inayopuuzwa, kwa kuwa fundi ameshafunga vifaa anataka kuondoka.

Maji

Kwa saiti za mabondeni, Jangwani na kando ya Mto Msimbazi zikiwa mfano unaojulikana, tegemea kuwekewa nyongeza 109 na 110. Ya 110 inataka ulinzi dhidi ya mvua na mafuriko uwe umefikiriwa kwenye ramani na kufanyika saiti. Ya 109 ni kali kuliko inavyoonekana: vifaa vikiharibiwa na mafuriko, vinalipwa ikiwa havizidi mahitaji ya siku 3, vinavyozidi viwe vimehifadhiwa mahali ambapo mafuriko yanayotarajiwa mara moja kwa miaka 20 hayafiki. Aliyejaza mifuko 600 ya saruji kwenye stoo ya bondeni mwezi Machi kwa sababu bei ilikuwa nzuri, amejikingia mifuko ya siku 3 tu.

Kuipanga

Andaa kibali cha ujenzi, ramani, BOQ, mkataba, ratiba ya kazi, cheti cha CRB cha mkandarasi na, kwa ghorofa au saiti ya mteremko, ripoti ya udongo. Jaza fomu ya maombi mwenyewe. Usimwachie wakala aandike "hapana" kila mahali ili ada ishuke. Mto ulio mita 50, chumba cha chini ya ardhi, jengo la jirani lililochakaa, vyote vitajwe. Kilichofichwa kinatosha kuangusha dai.

Majina ya wenye bima yawe ya pamoja: mwenye mradi, mkandarasi na mafundi wadogo wote, na benki kama kuna mkopo. Ikiandikwa kwa jina la mkandarasi peke yake, hundi inatoka kwa jina lake. Weka nyongeza 002, ili kila mmoja ahesabike kama ana hati yake na mmoja aweze kumdai mwenzake. Weka pia 003 au 004 kwa kipindi cha matazamio, yaani muda baada ya kukabidhi ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro. Ya 003 inalipa uharibifu unaofanywa na mkandarasi anaporudi kurekebisha. Ya 004 inaongeza ule unaojitokeza baadaye lakini chanzo chake kilikuwa wakati wa ujenzi. Tofauti ya ada kati yake inastahili kulipwa.

Kiwango cha sehemu ya pili kisiwe cha kujaza nafasi tu. Asubuhi ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na watu 36 wakafa. Anayejenga katikati ya watu anunue kiwango kinacholingana na watu waliomzunguka. Wafanyakazi wa saiti wenyewe hawamo kwenye sehemu hii. Hao ni wa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mkandarasi aonyeshe kwamba amesajiliwa na michango inakwenda, vibarua wakiwemo.

Tanzania kanuni ni hakuna ada, hakuna kinga. Lipa kwenye akaunti ya kampuni ya bima yenyewe, kisha hakiki hati yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kabla kazi haijaanza. Aliyeko Kenya atakutana na hati ile ile. Makato yake ni 0.2% ya mafunzo, 0.25% ya mfuko wa fidia kwa wenye bima na stempu ya shilingi 40, na wafanyakazi wakatiwe bima chini ya WIBA, sheria ya fidia ya kuumia kazini ya mwaka 2007.

Jambo moja la kutochanganya: dhamana ya utekelezaji au ya malipo ya awali, ambayo nayo hutolewa na kampuni za bima, haijengi upya ukuta ulioanguka. Inamlinda mwenye mradi dhidi ya mkandarasi aliyeshindwa kazi, basi.

Siku ya dai

Piga simu siku hiyo hiyo, kisha andika. Hati inasema hasara isiyotolewa taarifa ndani ya siku 14 hailipwi, na kifungu hicho hakina huruma. Zuia hasara isiendelee: funika, egemeza, zima umeme. Usiondoe kifusi wala kutupa nondo zilizopinda kabla mpima hasara hajaviona. Matengenezo madogo unaweza kuanza baada ya kutoa taarifa, lakini vipande vilivyoharibika vihifadhiwe. Andaa BOQ, risiti za EFD (za mashine ya kodi), karatasi za kupokelea vifaa, kitabu cha saiti, ripoti ya mhandisi, RB ya polisi au ripoti ya Zimamoto kulingana na tukio. Risiti za EFD ndizo zinazopungua kuliko zote, kwa sababu mchanga na kokoto vilinunuliwa barabarani bila karatasi. Kwa vitu hivyo, andikiana na dereva kiasi, bei na namba ya gari kila safari.

Kampuni ikikataa, idai sababu kwa maandishi ikitaja kifungu. Usiporidhika, peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ukiwa na hati, jedwali lake, nyongeza zote na barua hiyo ya kukataa.